Ustahamilivu na Mzigo wa Kiza

Limo katika Kiswahili neno ambalo siku hizi limepata kazi mpya. Neno hilo ni ustahamilivu. Zamani lilikaa zaidi katika mawaidha na katika vinywa vya wazee waliokuwa wakimliwaza mfiwa au kumtuliza kijana mwenye haraka. Leo limeingia katika ripoti za wataalamu, katika mikutano ya tabianchi na nishati, na katika hotuba za wanaofungua miradi. Humo lina maana ya uwezo wa jamii kupigwa na dhoruba, ukame, uhaba wa mafuta au kukatika kwa umeme, kisha jamii hiyo ikainuka na kuendelea na maisha yake. Maana hiyo si mbaya. Lakini neno halikuzaliwa jana, na lina jamaa zake ambao yafaa waulizwe kabla halijapelekwa kazini.

Jamaa wa karibu wa kustahamili ni kuhimili, na jamaa mwengine ni hamali, yule mtu anayebeba mizigo ya watu bandarini na sokoni. Wote wametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, na katika lugha hiyo mzizi huohuo ndio uliozaa neno la mzigo na neno la ujauzito. Basi anayesema kuwa jamii fulani ni stahamilivu amekwisha kusema, atake asitake, kuwa pana mzigo na pana anayeubeba. Hapo ndipo linapozuka swali la kimaadili ambalo fundi wa umeme peke yake hawezi kulijibu: mzigo huo ni wa nani, ameubeba nani, na aliyeubeba aliulizwa?

Swali hili halina haja ya kutafutiwa mfano wa mbali. Tarehe 10 Disemba 2009 kisiwa cha Unguja kiliingia kizani. Waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, hadi Fumba ulikuwa umelazwa mwaka 1980, ukiwa na uwezo wa megawati 45. Hitilafu ilitokea upande wa Fumba, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Kwa kiasi cha miezi mitatu kisiwa kizima, pamoja na mji wake, kilikaa bila ya umeme wa waya. Wala haikuwa mara ya kwanza, kwani tangu Mei hadi Juni 2008 kisiwa kilikuwa kimekaa karibu mwezi mzima katika hali hiyohiyo. Pemba haikuguswa na kiza hicho kwa sababu haikuwa imeunganishwa na waya huo. Ilikuwa ikiishi kwa majenereta ya dizeli ya Wesha, nayo yalikuwa na taabu zake, mpaka ilipofikiwa na waya kutoka Tanga mwaka 2010.

Kiza kina usawa wa uongo. Anayekitazama kisiwa kutoka baharini hukiona kimezimika chote kwa pamoja, tajiri na maskini, msikiti na soko. Lakini ndani yake kiza kile hakikuwa kimoja. Mwenye hoteli aliwasha jenereta, na wageni wake wakaendelea kunywa maji baridi, ingawa hesabu ya dizeli ilimlia faida. Mwenye duka la wastani alinunua jenereta ndogo akaiweka barazani, ikanguruma na kutoa moshi katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo nyumba zimekaribiana hata moshi haupati njia ya kutokea. Asiyekuwa na kitu alirudi kwenye kandili na kibatari, na mafuta ya taa nayo hayapatikani bure. Fundi cherehani aliyekwisha kuzoea mota alirudi kwenye kukanyaga kwa miguu, ikiwa cherehani yake ya zamani ilikuwa bado ipo. Mchuuzi wa samaki aliyekuwa akitegemea barafu alilazimika kuuza kabla jua halijapanda, kwa bei aitakayo mnunuzi.

Zito kuliko yote lilikuwa maji. Maji ya Unguja hutoka chini ya ardhi, nayo hayapandi yenyewe: huvutwa na pampu, na pampu huendeshwa na umeme. Umeme ulipokatika, mfereji ulikauka. Ndipo watu walipokumbuka visima. Lakini kisima hakimsubiri mtu aliyekisahau. Kilichoachwa miaka mingi hujaa taka, au hufukiwa, au hujengewa juu, au maji yake huingia chumvi na uchafu wa vyoo vilivyochimbwa karibu. Ndoo na madumu yakarudi vichwani na mikononi mwa wanawake na watoto, na mwenye chochote akayanunua maji kwa wachuuzi wenye mikokoteni. Aliyekuwa na jenereta alivuta maji yake. Asiyekuwa nayo aliyabeba. Kama panatakiwa ushahidi kuwa umeme na maji ni jambo moja katika kisiwa cha mawe ya matumbawe, miezi ile mitatu iliutoa.

Mwenye jenereta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mgonjwa ndani, au na biashara iliyowalisha watu kumi, au na watoto waliokuwa wakisoma usiku. Walakini jenereta lina tabia ambayo haitokani na moyo wa mwenyewe. Mwangaza wake hubaki ndani ya nyumba, lakini moshi na kelele zake hutoka nje. Kila nyumba iliyojiokoa kwa njia hiyo iliongeza kidogo uzito wa nyumba ya jirani, na ilipunguza kidogo sauti ya wale waliokuwa wakidai kuwa shida ni ya wote. Kisiwa kimoja kikagawika kikawa visiwa vidogo vidogo, kila kimoja na ngurumo yake. Na mafuta yaliyounguzwa humo yote yalikuja kwa meli, kutoka mbali kuliko huo umeme wa Ras Kiromoni. Aliyedhani amejitegemea alikuwa amebadilisha tu anayemtegemea.

Upo uzito mwengine ambao haukuonekana wakati ule. Mwaka 2014 mtaalamu wa uchumi aitwaye Alfredo Burlando alichapisha uchunguzi wake juu ya kile kiza cha mwanzo, cha 2008. Alizipitia kumbukumbu za watoto waliozaliwa Unguja, akakuta kuwa wale ambao mama zao walikuwa wajawazito wakati wa kiza walizaliwa na uzito uliopungua, kwa wastani wa kiasi cha gramu 75. Alionesha pia kuwa saa za kazi zilianguka sana kwa wale ambao kazi zao zilitegemea umeme. Gramu 75 hazizidi sana uzito wa yai moja la kuku. Mama hakuzihisi, na mkunga hakuwa na sababu ya kustaajabu. Ilibidi maelfu ya majina yapangwe pamoja ndipo upungufu ule uonekane. Lakini ulikuwepo. Mzizi wa lugha uliounganisha mzigo na ujauzito ulikuwa ukisema kweli bila ya kukusudia: sehemu ya mzigo wa waya uliochakaa ilibebwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa.

Jamii iliyopita katika dhiki kama hiyo aghalabu husifiwa kwa subira. Sifa hiyo ina asili nzuri. Subira ni ufunguo wa faraja, na mstahamilivu hula mbivu. Hakuna mtu wa Pwani anayehitaji kufundishwa hayo. Lakini yapo mambo mawili yanayovaa kanzu moja. Iko subira ya mtu mbele ya kifo, mbele ya mvua iliyochelewa au bahari iliyochafuka, na subira hiyo ni pambo la nafsi kwa sababu hakuna mwanadamu aliyeyaleta hayo wala anayeweza kuyazuia. Iko pia subira ya aliyebebeshwa mzigo na mwanadamu mwenziwe, kwa uzembe au kwa kutofikiri. Hii ya pili huweza kuwa fadhila ya anayebeba, lakini haiwezi kamwe kuwa hoja ya aliyembebesha. Waya uliolazwa mwaka 1980 ulijulikana umri wake. Kiza cha 2008 kilikwisha kutoa onyo. Anayeipita miaka ya onyo akiwa ameketi, kisha akausifu ustahamilivu wa watu, anamsifu hamali kwa nguvu za mabega ili asimlipe ujira.

Kutokana na hayo mtu huweza kukimbilia hukumu nyepesi: basi kisiwa kisitegemee mtu. Na methali ipo tayari kumuunga mkono: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Lakini mwenye methali moja mkononi hajashinda hoja, kwani jirani yake naye anazo zake. Mkono mmoja haulei mwana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na iko ile inayomcheka kabisa mwenye kujivuna: mtegemea nundu haachi kunona. Wahenga hawakuwa wakijipinga. Kila methali ilisemwa mahali pake, na kazi ya anayefikiri ni kujua ni wapi kila moja inasema kweli.

Visiwa hivi havikuwahi kuishi peke yao, wala haingewezekana. Mchele ulikuja kwa bahari, nguo zilikuja kwa bahari, tende na samaki wa ng'onda zilikuja kwa bahari, na karafuu ikatoka kwa bahari hiyohiyo. Jahazi lenyewe ni chombo cha kutegemea: nahodha aliyengoja kaskazi imlete na kusi imrudishe hakuwa akijitegemea hata siku moja. Hata hivyo hakuna aliyemwita mtumwa wa upepo. Utegemezi wake ulikuwa na sifa tatu. Aliyajua majira ya upepo, akapanga mwaka wake kwa kuyafuata. Alikuwa na njia ya pili upepo ukilala, kwa kasia au kwa kutia nanga na kungoja akiwa na maji na chakula cha akiba. Na upepo haukuwa mali ya mtu aliyeweza kuupandisha bei au kuufunga.

Sifa hizo tatu zatosha kuwa mizani. Kutegemea si aibu. Aibu ni kutegemea bila ya kujua, bila ya njia ya pili, na bila ya kuwa na neno mbele ya yule unayemtegemea. Aliyewasha taa Unguja mwaka 2009 hakujua, wala hakuwa na sababu ya kujua, kuwa mwangaza wake unatoka katika maporomoko ya mito ya bara na katika gesi ya Songosongo, kisiwa kidogo cha Kilwa ambacho gesi yake ilianza kutumika kwa umeme wa Dar es Salaam mwaka 2004. Hakuwa na njia ya pili. Na hakuwa na neno. Kiswahili chenyewe, kwa kuongeza silabi chache tu, kinaonesha njia ya kutoka hapo: kutoka katika kutegemea, kupita katika kutegemewa, kufika katika kutegemeana. Jamii inayotegemeana na wenziwe imepungukiwa na uhuru kidogo, lakini imepata mahali pa kusimama inapodai haki yake.

Kipo kisiwa kimoja cha mbali kinachofaa kutazamwa kwa mizani hiyo, kwa kuwa nacho kilikuwa mwisho wa waya. Samsø ni kisiwa cha wakulima nchini Denmark, chenye watu wasiozidi sana elfu nne. Mwaka 1997 kilishinda shindano la serikali la kutafuta kisiwa kitakachoonesha kuwa nchi huweza kuishi kwa nishati isiyokwisha. Hadi wakati huo umeme wake ulitoka bara, na nyumba nyingi zilipashwa moto kwa mafuta. Mwaka 2000 ilisimamishwa mitambo 11 ya upepo nchi kavu. Kufika 2003 ilikuwepo mengine kumi baharini. Nyumba za vijiji kadhaa ziliunganishwa kwenye majiko makubwa ya pamoja yanayochoma mabua ya nafaka za wakulima wenyewe. Katika muda wa miaka kumi kisiwa kilikuwa kikizalisha kwa upepo umeme mwingi kuliko kilioutumia.

Yapo mambo mawili katika habari hiyo yanayopitwa haraka na wanaoisimulia. La kwanza ni kuwa waya haukukatwa. Uko palepale chini ya bahari, ila sasa umeme hupita kwa pande mbili: upepo ukivuma, kisiwa hupeleka bara, upepo ukilala, bara huleta kisiwani. Wale watu hawakuwa wapweke, walifika kutegemeana. La pili ni umiliki. Mitambo haikuwa mali ya mtu wa mbali aliyekodi ufukwe. Mingine ilinunuliwa na wakulima, mingine na vyama vya wakaazi waliochangia hisa ndogo ndogo, na mitano ya baharini ilinunuliwa na halmashauri ya kisiwa. Inasemwa na wanaofahamu habari hizo kuwa kelele za mtambo hupungua mtu anapokuwa na hisa ndani yake. Hapana budi kusema pia kuwa magari ya watu wale na meli yao ya kuvukia yaliendelea kula mafuta, nao hawakulificha hilo. Kuacha mafuta ni safari, na wao wangali njiani.

Hapa msomaji wa Pwani ana haki ya kupinga, na pingamizi lake ni zito. Denmark ni nchi tajiri. Mkulima wa Samsø alikopeshwa na benki iliyomwamini. Mvuvi wa Nungwi au wa Micheweni hana dhamana ila chombo chake. Tena, moshi ulioijaza anga ya dunia haukutoka katika vibatari vya Makunduchi. Wale waliochoma makaa ya mawe kwa zaidi ya miaka mia mbili wakajenga miji yao ndio waliouanzisha msiba, na maji ya bahari yanayopanda na kuingiza chumvi katika mashamba ya mpunga ya Pemba hayaulizi nani alichoma. Kwa haki gani, basi, aliyechoma kidogo aambiwe abebe mzigo wa kuacha? Je, huo si uhamali wa pili, wa kusafisha uchafu wa mwengine?

Pingamizi hilo halijibiwi kwa kulipuuza. Deni la wachomaji wakubwa lipo, na kisiwa kinachofunga jua juu ya mapaa hakijamsamehe mtu deni hilo. Wala haifai wapishi wa kisiwani wahubiriwe usafi. Mama aliyeacha kuni na makaa akapikia mtungi wa gesi amepikia mafuta ya ardhini, ni kweli. Lakini amelinusuru pafu lake na pafu la mtoto aliye mgongoni, na misitu ya mikoko nayo imepumua. Anayemlaumu mama huyo hana mizani. Mahali ambapo hoja ya kuacha mafuta inasimama kwa miguu yake katika visiwa hivi ni pengine kabisa, nako ni usalama wao wenyewe. Baada ya kile kiza yalifungwa Mtoni majenereta ya dizeli kuwa akiba. Na mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wa megawati 100, hadi Fumba hiyohiyo, kwa msaada wa fedha za Marekani. Vyote viwili vilihitajika, na aliyekaa kizani hawezi kuvidharau. Lakini dizeli hufuata bei ya soko ambalo kisiwa hakina neno ndani yake, na vita vya mbali huweza kuipandisha kwa usiku mmoja. Jua halina meli ya kungojewa. Kwa maskini kuliko kwa tajiri, kuacha kutegemea kitu ambacho bei yake huamuliwa na wengine ni haki anayoidai, si toba ya dhambi ambazo hakuzitenda.

Jua nalo lisifanywe sanamu. Paa lenye sahani ya umeme wa jua lililokufa kwa kukosa betri ni jambo linaloonekana katika vijiji vingi vya Afrika: mradi ulikuja, picha zikapigwa, mfadhili akaondoka, na siku ilipoungua waya mmoja hapakuwa na wa kuutengeneza. Jumuiya ya namna hiyo imetoka kungojea meli ya mafuta ikaingia kungojea gari ya fundi. Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi, asema mhenga, lakini hapo alimfikiria mhunzi aliye hai, tena aliye kijijini. Koleo likivunjika mahali ambapo mhunzi hayupo, uhunzi umekwisha.

Ndiyo maana kinachofanyika Kinyasini, kaskazini ya Unguja, kina uzito kuliko ukubwa wake. Hapo pana chuo kilichofuata mfano wa chuo cha Tilonia, katika jimbo la Rajasthan, India, kilichoanzishwa mwaka 1972. Wanaopelekwa kusoma ni wanawake wa vijijini, wengi wao akina mama na akina bibi waliosoma kidogo au wasiosoma kabisa, waliochaguliwa na vijiji vyao wenyewe. Kwa miezi kadhaa hujifunza kufunga na kutengeneza taa na mitambo midogo ya umeme wa jua, kisha hurudi nyumbani wakiwa mafundi. Mtu huweza kuuliza kwa nini bibi, na si kijana aliyemaliza skuli. Jibu ni kuwa kijana akipata ufundi huenda mjini, na hapana wa kumlaumu. Bibi ana wajukuu, ana shamba, ana makaburi ya wazee wake pale, na atabaki. Kijiji kinapomchagua hujifunga naye. Yeye anategemewa kwa taa, naye huwategemea wenziwe kwa michango ya kununulia vifaa. Huo ndio utegemezi unaojuana kwa majina, na hata ukivunjika hujulikana nani aitwe.

Upo upande mmoja zaidi wa uhamali usioweza kuachwa, nao ni haki ya kuukataa mzigo. Kaskazini ya Pwani, watu wa Lamu waliambiwa kuwa patajengwa Kwasasi, upande wa bara, mtambo wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe wenye uwezo wa megawati 1,050. Makaa ya kuanzia yalikusudiwa kuletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Mji mkongwe wa Lamu umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001, na wengi wa watu wake wanakula kwa bahari. Wavuvi, akina mama, mashekhe na vijana walipinga kwa maneno na kwa sheria. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kisheria la mazingira la Kenya lilikibatilisha kibali cha mtambo huo, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa kama inavyopasa. Wapo waliowaita watu wa Lamu maadui wa maendeleo. Lakini wao hawakuwa wamesema kuwa hawataki taa. Walisema kuwa hawakuulizwa, na kwamba samaki wao na pumzi zao zimetiwa katika hesabu ya watu wengine. Ikiwa ustahamilivu ni kubeba, basi kukataa mzigo usiokuwa wako nako kumo ndani yake.

Yote hayo yanarudi kwenye wajibu mmoja ambao hauna shangwe, na kwa hivyo husahauliwa: wajibu wa kukitunza kisichotumika leo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo haimkatazi mtu kuupokea msala mpya, wala haisemi kuwa mbacha ni bora. Inamwonya asiutupe. Kisima cha mtaa kikisafishwa kila mwaka wakati mfereji unatoka, watu huona ni kupoteza nguvu. Mtungi wa kuvuna mvua chini ya paa la msikiti huonekana kama ukale. Chama cha mtaa chenye fedha kidogo za dharura hushawishika kuzigawa sikukuu ikifika. Anayesimamia mambo hayo hapati sifa, kwa sababu kazi yake ikifanikiwa hakuna kinachotokea. Na hawezi kuifanya peke yake. Kisima kisichokuwa cha mtu hutunzwa tu pale ambapo watu wamekubaliana, wakaandikiana zamu, na wakaoneana haya kuikosa.

Wako wanaokikumbuka kile kiza kwa mapenzi. Husimulia jinsi nyota zilivyorudi juu ya Forodhani, jinsi televisheni zilivyonyamaza na baraza zikajaa, jinsi watoto walivyosikia ngano kwa mara ya kwanza kutoka kinywa cha bibi. Watu wa shairi hasa huipenda kumbukumbu hiyo, na haina uongo. Lakini barazani walikaa wanaume. Aliyekuwa na ndoo kichwani saa hizo hakupata nafasi ya kuzitazama nyota, na jina lake halikuingia katika masimulizi.

Waya mpya uko chini ya bahari tangu mwaka 2013, na kila waya una umri wake, kama uliotangulia. Siku yake itakapofika, swali halitakuwa watu wa Unguja wana subira kiasi gani, kwa kuwa hilo lilikwisha kujulikana mara mbili. Itaulizwa ni mitaa mingapi ina kisima safi na kamba mpya, ni hospitali na skuli ngapi zina jua juu ya mapaa yake na fundi wa kulitengeneza aishiye karibu, na ni nani amepangiwa zamu ya ndoo. Kama katika orodha hiyo ya zamu yamo majina ya wanaume na ya wanawake, ya wenye jenereta na ya wasiokuwa nazo, neno ustahamilivu litakuwa limeipata maana yake mpya kwa haki.